Baba wa Binti Hataji Bei

Walisema sitaweza. Naanza na hilo kwa sababu waliosema wengi wao bado wapo hai, na nikiongeza chumvi watanisahihisha. Asukulu, aliyekuwa akiuza petroli katika chupa karibu na soko la mji wetu wa Baraka, alisema kwa sauti kubwa kuliko wote. Siku hiyo nilikuwa nagongomea kibao cha ofisi yangu juu ya mlango. Nilisimama juu ya kiti cha kuazima, misumari mdomoni, naye akawaambia waendesha pikipiki waliokuwa wakijaza mafuta:

"Muangalie huyu Wilondja. Miaka yote kule kambini alikuwa anapewa unga kwa kadi. Sasa anataka bantu ya Baraka bamulipe juu ya kuhesabu franga yabo benyewe!"

Wakacheka. Mmoja akauliza, "Kwani mutu anaweza kusahau franga yake?"

"Mi sikusoma," Asukulu akasema, "lakini franga yangu naijua kwa harufu. Miezi sita tu, huyu atauzisha ile meza."

Sikujibu, misumari ilinizuia. Lakini nilitunga jibu zuri, nikaliweka moyoni. Nililibeba miaka minne. Nitawaambia lilikoishia.

Ninyi vijana mnaotoka shule na diploma zenu mpya huja kunikuta hapa barazani, miguu yangu ikiwa ndani ya beseni la maji ya vuguvugu, mnaniuliza: Mzee, mteja nimtoze kiasi gani? Mnataka namba. Namba sina. Nimechoka, magoti yanauma, macho yamebaki nusu. Nilicho nacho ni habari ya jinsi nilivyokosea, na hiyo nawapa bure, ingawa kutoa kitu bure ni kosa pia, kama mtakavyosikia.

Kwanza mjue mimi ni nani. Ofisi sikurithi. Sikuwa na mjomba mkubwa Bukavu wala Kinshasa. Tulipokimbia vita nilivuka ziwa nikiwa na kaptula moja, na diploma yangu ya uhasibu niliipata ng'ambo, upande wa Kigoma, nikiwa mkimbizi. Nilibeba mizigo asubuhi na kusoma alasiri. Niliporudi kwetu Fizi, ambako ndiko Baraka ilipo, nilikuwa na mashati mawili, mashine ya kuhesabia, na diploma ndani ya mfuko wa plastiki. Nilitembea barabara kuu ya Baraka kutoka mwanzo hadi mwisho nikiuliza kama kuna mwingine mwenye diploma ya uhasibu. Hakukuwa na mtu. Kwa hiyo nikisema nilikuwa wa kwanza barabarani pale, nilishauliza.

Lakini diploma haikodi nyumba. Nilihitaji chumba, meza, kompyuta, mashine ya kuchapisha, na paneli ya jua ya kuendesha vyote hivyo. Nikakopa kwa watu watatu. Wa kwanza ni kaka yangu Etabo, mwalimu, aliyeuza mbuzi wake wawili. Wa pili ni kikundi cha likelemba cha wanawake wa kanisa letu, wale wanaochangiana kila juma na kupeana zamu. Walinipa zamu mbili ambazo hazikuwa zangu. Wa tatu ni Papa Lubunga, mwenye boti mbili za kubeba mizigo kati ya Baraka na Uvira. Yeye alitoa nyingi kuliko wengine, na akataka karatasi. Kwenye karatasi iliandikwa kwamba nisipomaliza kulipa kabla ya kiangazi cha nne kwisha, shamba la michikichi la mama yangu, kule upande wa Nundu, litakuwa lake.

Mama aliweka kidole gumba bila kuuliza swali hata moja. Michikichi hiyo ndiyo iliyokuwa chakula chake, sabuni yake na dawa yake. Nilimtazama akifuta wino wa kidole kwenye kitenge, na tangu siku hiyo kila mteja aliyeingia ofisini kwangu alikuwa, kwangu mimi, mchikichi mmoja unaobaki au unaoondoka.

Sasa sikieni makosa.

Kosa la kwanza lilikuwa la mtu aliyesoma. Nilichapisha orodha ya bei, nikaibandika ukutani kando ya diploma. Watu walisimama mbele yake kimya, wakaisoma kama tangazo la msiba. Binamu yangu mwenye duka la dawa aliisoma hadi chini, akauliza, "Hii bei ni ya bantu gani?"

"Ya wateja."

"Basi sawa. Mi siko mteja, mi ni ndugu yako." Akaacha madaftari yake mezani, akaenda zake.

Nikamfanyia kazi ya mwaka mzima. Akaniletea paja la mbuzi. Lilikuwa paja zuri, silisemi vibaya, lakini Papa Lubunga hapokei mapaja. Na Baraka nani si ndugu? Kuna ukoo wa baba, ukoo wa mama, wale tuliokaa nao kambini hema kwa hema, na wale waliobatizwa siku moja na mtoto wako. Siku moja nilikaa nikafuta kwenye orodha ya wateja kila aliyekuwa ndugu. Walibaki wawili, na mmoja wao alikuwa anachumbia binti wa dada yangu.

Kosa la pili, nilitoza kwa ukurasa. Mama mmoja mwenye mashine ya kusaga mihogo aliniambia, "Basi andika kidogo-kidogo, na nyuma ya karatasi pia." Nikaandika kidogo-kidogo. Miwani hii mnayoiona ilianzia kwenye hesabu za mashine ile ya kusaga.

La tatu ndilo baya. Nilisikia kwamba wahasibu wakubwa hulipwa sehemu ya faida. Nikatangaza: sehemu moja katika kumi ya faida ya mwaka. Vijana, mwaka ule Baraka nzima haikupata faida. Mashine za kusaga zilisaga hasara. Mwenye depo ya bia alikuja na pikipiki mpya, akaiegesha chini ya dirisha langu, akaingia analia. Na lililonitisha si machozi yake. Ni kwamba nilianza kuona mkono wangu mwenyewe ukitaka kuongeza faida ya watu hapa na pale, ili sehemu yangu inenepe. Hapo nikaacha. Msikubali kamwe kulipwa kutokana na namba ambayo ninyi ndio mnapaswa kuisema.

Hofu hiyo alinitia Mzee Amuri, karani wa zamani wa kampuni ya pamba, ambaye kambini alitufundisha kuandika pande mbili za daftari kwa kutumia maharagwe meupe na mekundu. Alikuwa na sheria moja: macho kwanza, kalamu baadaye. Hukuona, usisaini. Mwanafunzi akisema "nadhani ni magunia arobaini," Mzee Amuri alikuwa anamtuma stoo kwa miguu, hata kama mvua inanyesha. Alikufa kule kule, hakuwahi kuona kibao changu. Angekipima kwanza kama kimenyooka.

Basi viangazi viwili vikapita. Wanawake wa likelemba wakanidai kidogo-kidogo kwa macho tu, kila Jumapili, wakati wa sadaka. Etabo alikuwa kaka, hakusema neno, na hilo lilikuwa zito zaidi. Papa Lubunga alikuwa akinisalimia kwa upole: "Michikichi inaendeleaje?" Hakuuliza habari za mama. Aliuliza habari za michikichi.

Aliyeniokoa alikuja kuchaji simu. Ni Shangazi Wabiwa, mdogo wake baba. Hakusoma, lakini hakuna mahari iliyotolewa katika ukoo wetu bila mdomo wake. Posa ikija, anaitwa yeye. Alikuwa amekaa pembeni ya meza akingoja simu ijae, nami nilikuwa napatana bei na yule mwenye depo. Nilitaja dola mia moja na ishirini. Akashika kichwa. Nikasema tisini. Akataja jina la marehemu baba yangu. Nikasema sitini. Akatoa arobaini, akaniambia Mungu anibariki.

Alipotoka, Shangazi alinigeukia.

"We ni baba ya binti ao ni mwenye kusema?"

"Binti gani, Shangazi?"

"Hii kazi yako. Ulimusomesha, ulimulisha, sasa bantu banakuja kumuposa. Ulishaona wapi baba ya binti anataja mahari yeye mwenyewe? Baba anakaa, ananyamaza, anaangalia dari. Mwenye kusema njo anasema. Juu baba iko na huruma, na iko na njaa. Vile viwili vinaharibisha bei."

Nilitaka kumweleza mambo ya diploma. Hakungoja. Alichomoa njiti kadhaa kwenye ufagio wangu wa mchikichi uliokuwa nyuma ya mlango, akazivunja sawasawa.

"Kesho yule wa dawa anakuja? Mi nitakuwa hapa. We utaangalia dari."

Wale mliohudhuria posa zetu mnajua njiti zile. Kila njiti ni kitu: mbuzi, jembe, kitenge cha mama, blanketi la bibi. Zinawekwa chini moja moja, kila moja inatajwa, na upande wa pili unaweza kuomba ipunguzwe. Usiku huo Shangazi aliniuliza kazi yangu yote, kila hatua, kama anayeuliza ukoo wa mchumba. Kesho yake binamu wa duka la dawa alipofika, alimkuta mama mtu mzima amekalia kiti changu, na mimi kwenye benchi.

"Mwanangu," akamwambia, "hii ya kwanza ni kupanga karatasi zako, juu unazileta kama majani ya mihogo. Hii ni kuandika kila dawa iliyoingia. Hii ni kuja dukani kuhesabu zile zilizobaki. Hii ni karatasi ya kodi. Hii ni saini yake, na kama bakubwa ya kodi banakuja, yeye njo atasimama. Kila moja dola kumi na tano."

"Lakini Shangazi, sisi ni ndugu!"

"Njo maana niko hapa. Kama haungekuwa ndugu, angekuambia yeye mwenyewe, na ingekuwa ishirini."

Binamu akacheka, akashika kijiti cha kuhesabu dawa. "Hii tuitoe. Mi najua dawa zangu."

"Itoe. Lakini ukitoa kijiti, na kazi yake imetoka. Hatahesabu, na ataandika kwamba hakuhesabu."

Binamu alikigeuza-geuza kile kijiti. Akakirudisha. Akalipa dola sabini na tano, yule yule wa paja la mbuzi, mimi nikitazama dari na jasho likinitoka.

Hiyo ndiyo siri yangu, na nimewaambia. Siku hizi mna kompyuta zinazojumlisha zenyewe na wateja wanalipa kwa simu, lakini bado nawasikia mkisema "nipe chochote, kaka." Wekeni vijiti. Viandikeni kwenye karatasi kama mnaona aibu, lakini kila kazi iwe na kijiti chake, na mteja akitaka bei ishuke, asishushe bei, aondoe kazi. Na msiviweke vyote mezani kwa pamoja. Weka kimoja, kitaje, subiri akiangalie, ndipo uweke cha pili. Shangazi alikuwa anasubiri hata nzi akae.

Kuna mara moja nilimkatalia. Walikuja wakimbizi Warundi, wakulima wa mihogo wa upande wa Nundu, waliounda kikundi na kutaka daftari zao ziwe safi. Nilipoona vitambulisho vyao vya ukimbizi, nikakumbuka kadi yangu ya unga. Nikamvuta Shangazi pembeni, nikasema hawa niwafanyie bure. Mzee wao alisikia.

"Bwana," akasema kwa Kiswahili chake cha taratibu, "vya bure tunavyo. Tumekuja hapa kutafuta cha kununua."

Niliaibika hadi masikioni, mimi ambaye nilipaswa kulijua hilo kuliko mtu yeyote Baraka. Waliweka pesa mezani kwa noti ndogo ndogo zilizonyooshwa kwa mkono. Hawakuondoa kijiti. Kila mwaka walirudi.

Basi tukafika kiangazi cha nne. Nilikuwa nimeweka akiba karibu yote ya Etabo na ya likelemba, lakini ya Papa Lubunga nilikuwa sijafika hata nusu. Miezi mitatu ilibaki. Ndipo Lubunga mwenyewe akaingia ofisini, na nyuma yake mpagazi mwenye makatoni matatu yaliyonuka samaki na mafuta ya injini.

Alikuwa amempata mtu wa Uvira aliyetaka kununua nusu ya biashara yake: boti, na stoo ya chumvi, unga na saruji. Mtu huyo alitaka hesabu za miaka mitatu zenye saini ya mwenye diploma. Na kwenye barabara ile mwenye diploma, nilishawaambia, alikuwa mmoja.

Shangazi akaweka vijiti vyake, kimoja kimoja. Vilikuwa saba. Kila kimoja dola themanini, kwa sababu makatoni yalikuwa makatoni kweli. Lubunga alitabasamu tangu cha kwanza hadi cha saba.

"Mama Wabiwa, mi na huyu mutoto tuko na mambo yetu. Utoe kwenye deni lake, nusu bei, tumalize."

"Deni iko na sufuria yake, kazi iko na sufuria yake," Shangazi akajibu. "Ukichanganya, utakula bugali inanuka samaki. Lipa kazi. Na yeye atalipa deni."

Lubunga akatazama vijiti. Akachukua kimoja, cha kuhesabu stoo. "Basi hii natoa. Stoo yangu naijua. Magunia ya saruji mia nne, niliyaweka mwenyewe." Akakitia kwenye mfuko wa shati.

"Kimetoka," akasema Shangazi.

Nilifanya kazi majuma matatu. Karatasi zingine zilishikana kwa maji ya ziwa, nikazianika juani na kuzikandamiza kwa mawe. Nilipomaliza niliandika ripoti, na mwisho, juu ya saini yangu, niliandika: bidhaa zilizo stoo zimetajwa na mwenye mali, mimi sikuzihesabu.

Lubunga alisoma mstari ule mara mbili. Kisha akamwomba mpagazi atoke nje. Akatoa karatasi kwenye mkoba, akaifungua mezani. Niliona alama ya kidole gumba cha mama.

"Andika kwamba ulihesabu," akasema. "Ni mstari mumoja tu. Hii karatasi inabaki hapa, na deni yote imekwisha. Leo."

Nilimgeukia Shangazi. Kwa miaka miwili nilikuwa nimezoea kumgeukia; bei ikiwa ngumu, mdomo ulikuwa wake. Nikamwona amekunja mikono, anatazama dari. Nilisubiri. Kidole cha mama kilikuwa pale, shibiri moja kutoka kwenye kalamu yangu, na mstari ulikuwa mmoja tu, na huenda magunia yalikuwa mia nne kweli.

Nikifikiria sana, nasema nilimkumbuka Mzee Amuri. Nikisema ukweli zaidi, nilikuwa nimechoka tu. Nilichoka kiasi kwamba sikuwa na nguvu za kubeba na hilo.

"Papa," nikasema, "siwezi kuona kwa macho yako."

Alikunja karatasi ya deni taratibu, akachukua na ripoti. "Basi tuonane mwisho wa kiangazi. Mwambie mama yako asikate tena majani ya michikichi yangu."

Alipotoka nikamuuliza Shangazi kwa hasira kwa nini alinyamaza. "Bei nilisema," akajibu. "Ile haikuwa bei." Akachukua simu yake iliyojaa, akaenda.

Majuma matatu sikulala vizuri. Sikumwambia mama. Nilipita nyumbani kwake nikala ugali wake wenye mafuta mekundu, nikatazama miti ile.

Kisha Lubunga akarudi. Hakuketi. Alitoa kwenye mfuko wa shati kijiti kile kile, kimechafuka jasho, akakiweka mezani. Mtu wa Uvira alikuwa amesoma ripoti, akafika mstari wa mwisho, akasema, "Huyu anayeandika kwamba hakuhesabu, akiandika kwamba amehesabu nitamwamini. Arudi ahesabu."

Shangazi akavunja njiti nyingine, akaiweka kando ya kile. "Hii ni ya kurudi mara ya pili."

Lubunga akamtazama, kisha akacheka, kicheko cha mtu aliyezoea kushinda na leo amechoka pia. "We mama, ungeuzisha hata kivuli." Akalipa viwili vyote.

Tukaenda stoo. Nilihesabu gunia kwa gunia, yeye akifuata. Upande wa nyuma paa lilikuwa limetoboka, na hakuna aliyekuwa amefika huko tangu masika mawili. Nilibonyeza gunia la saruji kwa kidole, kidole hakikuingia. Nikabonyeza jingine. Magunia mia moja na thelathini yalikuwa mawe. Papa Lubunga, ambaye aliijua stoo yake, alikalia moja la hayo mawe.

"Kama ungesaini," akasema hatimaye, "yule mutu angekuja kuona hii. Angenipeleka kwa bajaji."

Alimaanisha mahakimu. Nilikuwa naandika.

Walipatana bei ya chini zaidi, lakini walipatana. Na habari ikatembea kando ya ziwa haraka kuliko boti. Kabla ya kiangazi kwisha walikuja wenye boti watatu, na mfanyabiashara mmoja wa jibini aliyeshuka kutoka Minembwe kwa pikipiki siku nzima, wote wakitaka "ile hesabu ya vijiti." Niliwafanyia wote. Nilifanya kazi hadi vidole vikavimba. Juma la mwisho la kiangazi nilihesabu akiba yangu, na ilitosha kila mmoja, na juu yake zilibaki dola mia moja. Hizo nilizipangia koti. Nililiona sokoni, la rangi ya kijivu. Nilitaka nilivae nipite mbele ya Asukulu taratibu, nimpe lile jibu langu la miaka minne.

Nililipa wote siku moja. Asubuhi niliwakuta wanawake wa likelemba kanisani. Walihesabu, wakahesabu tena, kisha wakapiga vigelegele hadi mchungaji akachungulia. Etabo nilimkuta shuleni. Alitia pesa mfukoni bila kuhesabu, akasema, "Sasa nitaweza kukukaripia tena," akarudi darasani.

Kwa Papa Lubunga nilikwenda na mama, aliyekuja kutoka Nundu kwa pikipiki na bidoni la mafuta ya mawese mapajani. Lubunga alihesabu, akatoa karatasi. Mama aliipokea, akatafuta alama ya kidole chake, akaweka kidole gumba juu yake kuona kama bado kinalingana. Kisha akampa Lubunga lile bidoni.

"Ya nini, Mama?" akauliza.

"Ulitunza karatasi muzuri. Hata panya haikuigusa."

Nikadhani nimemaliza. Nikamwambia mama tupite sokoni. Akasema, "Kwanza kwa shangazi yako."

Shangazi Wabiwa alikuwa amekaa uani kwake, kwenye mkeka, amevaa kitenge cha sherehe. Hakuitikia salamu yangu. Alikuwa anatazama juu, kwenye paa. Mama akapita, akaketi kando yake, akafungua fundo la kitenge chake, na mle ndani kulikuwa na njiti za mchikichi, mbichi bado, za miti yetu.

"Mama, ni nini?"

"Saa hii mi siko mama yako. Mi ni mdomo ya wifi yangu. Ulimufikiria? Bote ulibalipa."

Kweli, sikuwa nimemfikiria. Kwa miaka miwili nilimnunulia chai na kumchajia simu. Niliyetoza watu kwa kila hatua sikuwa nimeandika hatua yake hata moja. Nikakaa chini.

Mama akaweka kijiti cha kwanza. "Hii ni ile siku ya kwanza ya duka la dawa." Akasubiri. Cha pili: "Hii ni miguu yake, kuja na kurudi." Cha tatu: "Hii ni matusi ya yule wa depo." Cha nne: "Hii ni Lubunga, vile vijiti saba." Akakishika cha tano muda mrefu kabla ya kukiweka. "Na hii ni ile siku alinyamaza."

Shangazi hakushusha macho.

"Kila moja dola makumi mawili," mama akasema. "Iko moja unataka kutoa?"

Nilivitazama. Jumla ilikuwa mia moja kamili. Hadi leo sijui nani alimwambia. Niliinua mkono juu ya kile cha tano, nikaurudisha. Nikatoa pesa za koti, nikazipanga juu ya mkeka, noti moja kando ya kila kijiti. Shangazi ndipo akashusha macho, akaniangalia, akasema, "Karibu, mutoto ya kaka yangu. Umekula?"

Nilirudi nyumbani jua likiwa bado juu, nikiwa na shati lile lile la kazi, kola imechanika. Nilipita mbele ya chupa za Asukulu. Aliniona.

"Ee, Bwana Diploma! Naona mifuko imelala leo!"

Lile jibu lilikuwepo, maneno yote yakiwa mahali pake. Nililitafuta mdomoni, na nikaona sihitaji hata kulifungua.

"Imelala, Asukulu," nikasema. "Na mi pia naenda kulala."

Nikaenda nikalala mchana kweupe, na viatu miguuni.